Mteremko wa Sachangwan Huanzia Embakasi

Kila mara trela linapoacha njia kwenye mteremko na kuua watu, maelezo ya kwanza huwa yale yale: breki zilifeli. Hutolewa kabla hata kichwa cha lori hakijavutwa kutoka mtaroni, na mara nyingi hayafuatwi na maelezo mengine. Naona maneno hayo mawili yamefunga kesi nyingi zilizostahili kufunguliwa. Breki za lori zito hufelishwa hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya hatua hizo huchukuliwa mbali na mlima: kwenye yadi, kwenye ofisi ya mwenye gari, kwenye meza ya mhandisi wa barabara.

Nalisema hili nikiwa mkazi wa mtaa wa Fedha, Embakasi, jijini Nairobi, mahali ambapo hakuna mlima wowote. Mtaa wetu umebanwa kati ya barabara ya Outer Ring na njia ya kuelekea uwanja wa ndege, majirani zetu wakiwa Tassia, Avenue Park, Nyayo na Pipeline. Lakini bohari ya nchi kavu ya kontena, ile ICD ya Embakasi iliyofunguliwa mwaka 1984, iko kilomita chache tu kutoka hapa. Tangu treni za mizigo za reli ya kisasa, SGR, zianze kuteremsha kontena huko Januari 2018, malori yamekuwa sehemu ya maisha yetu ya kila siku. Yadi za kuegesha, gereji za kando ya barabara, vibanda vya chai vya madereva na mautingo, fundi wa tairi anayelala kazini: hiyo ndiyo Embakasi. Agizo lililolazimisha mizigo kuja Nairobi kwa reli liliondolewa Septemba 2022, lakini yadi hazikuondoka. Trela linaloonekana kwenye picha likiwa limelala ubavu kule Sachangwan huenda lilifungwa kontena lake karibu na mlango wangu.

Orodha ya misiba ni ndefu, na michache tu inatosha kuonyesha ukubwa wake. Januari 31, 2009, tanka la petroli lilipinduka Sachangwan; wananchi walikuwa wakichota mafuta moto ulipozuka, na zaidi ya watu 110 wakafa. Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali inayoshika moto lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Karai, upande wa Naivasha, likayagonga magari mengine na kulipuka. Waliokufa walipita 30, wakiwemo maofisa 11 wa kikosi cha polisi cha GSU. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi lililotoka Busia liligongana na trela pale Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakapoteza maisha. Juni 30, 2023, trela lenye kontena likielekea Kericho liliwavamia wafanyabiashara na abiria kwenye makutano ya Londiani na kuua watu 52, wengi wao wakiwa hawamo ndani ya gari lolote. Walikuwa wamesimama kando ya barabara wakiuza, wakinunua au wakingoja matatu.

Ukiitazama ramani ya misiba hiyo unaona kwamba yote imetokea kwenye ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ukingo wa Bonde la Ufa. Embakasi iko mita zipatazo 1,620 juu ya usawa wa bahari. Lori la kwenda mpaka wa Malaba hushika Southern Bypass hadi Kikuyu, hupanda Limuru ambako kimo hupita mita 2,200, kisha hulazimika kuteremka hadi sakafu ya bonde. Dereva ana njia mbili. Ya juu hupita Kinungi hadi Naivasha, na ya chini hushuka ukingoni hadi Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioacha kanisa dogo kando yake mwaka 1942. Ngazi ya pili huanza baada ya Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi. Kutoka hapo barabara hupanda Salgaa, Sachangwan na Mau Summit hadi Timboroa, karibu mita 2,750, kabla ya kuteremkia Eldoret.

Kuna jambo ambalo ramani hiyo hufundisha na ambalo husahaulika kwenye mijadala. Mzigo mwingi wa barabara hii hutoka baharini kwenda bara. Kwa hiyo mteremko ambao trela hushuka likiwa limejaa pomoni ni ule wa Limuru kuingia bondeni. Ule wa Sachangwan, kwa anayerudi Nakuru, hushukwa mara nyingi na trela tupu au lenye mzigo mwepesi. Dereva wa trela tupu huliamini kupita kiasi. Analiona jepesi, na ni jepesi kweli, lakini tairi za trela tupu hazikandamizi lami vya kutosha. Ukikanyaga breki ghafla penye maji, magurudumu ya nyuma hujifunga na kuteleza, trela likazunguka kuja kukutana na kichwa chake. Trela lililojaa huua kwa kutosimama, trela tupu kwa kujikunja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na anayesema breki zilifeli hayatofautishi.

Tuanze na ugonjwa wa kwanza, maana ndio mkubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu lori la ekseli 6 kufikisha tani 50 pamoja na mzigo, na la ekseli 7 tani 56. Chukua tani 50 zinazoshuka mita 600 za kimo, ambacho ndicho karibu kipimo cha kutoka ukingoni hadi sakafu ya bonde. Nishati ambayo lazima iende mahali fulani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 800 za maji baridi. Sehemu yake hupotea kwenye upepo na kwenye tairi. Inayobaki ina milango miwili tu, injini au breki za magurudumu.

Kinachoamua mlango upi utabeba nini ni mwendo. Kwenye mteremko wa asilimia 6, lori la tani 50 likishuka kwa kilomita 20 kwa saa huzalisha kilowati 160 hivi, kiasi ambacho injini kubwa yenye breki yake, ile inayoziba moshi, inaweza kukikabili kwa msaada kidogo wa breki za magurudumu. Likishuka kwa kilomita 60 huzalisha karibu kilowati 490. Hapo hakuna breki ya injini ya kawaida itakayotosha, na ziada yote huingia kwenye dramu za breki. Dramu ya chuma ikipata moto hupanuka, ikaenda mbali na laininga. Dereva hukanyaga zaidi ili kuifikia. Laininga nayo ikishapita joto lake hupoteza mkwaruzo na kuanza kutoa moshi wenye harufu kali ambayo kila anayekaa Mai Mahiu anaijua. Kufikia wakati huo pedali inakwenda hadi chini na upepo upo kwenye tangi, lakini lori haliitiki. Mitambo yote ni mizima. Joto ndilo lililoshinda, na joto hilo lilichaguliwa kilomita kadhaa nyuma, dereva alipoingia mteremkoni kwa gia kubwa.

Madereva wa zamani walifundishwa kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kanuni hiyo ilikuwa ya kutosha kwa malori ya enzi zao. Malori ya sasa yana injini zenye nguvu na hupanda kwa gia ambayo haiwezi kulizuia lori hilo hilo likishuka, kwa hiyo dereva mwangalifu huenda chini ya gia aliyopandia, na huibadilisha kabla ya kilele. Akishachelewa, giaboksi haitampokea. Halafu hutumia breki za mguu kwa vipindi: hukanyaga imara kwa sekunde chache hadi mwendo upungue kilomita 8 hivi chini ya ule aliojiwekea, kisha huachia, dramu zikapata nafasi ya kupumua. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia, hata kama mguu ni mwepesi, ndiko kunakozipika.

Sasa tuje kwenye nyutro, maana Salgaa haiwezi kuzungumziwa bila hiyo. Kwa miaka mingi imejulikana kwamba baadhi ya madereva hulitoa lori kwenye gia na kuliachia lishuke lenyewe ili kuokoa dizeli. Viongozi wamewakemea, polisi wamewakamata, magazeti yamewaita wauaji. Kosa ni lao na sitalipunguza. Lakini swali linalonisumbua ni kwa nini mtu mwenye familia, anayeujua mlima huo kwa jina la kila kona, afanye jambo ambalo limewaua wenzake mbele ya macho yake.

Jibu la kwanza ni kwamba amepewa lita. Katika kampuni nyingi, hasa za wamiliki wa malori machache, dereva hupangiwa kiasi cha dizeli cha safari nzima. Lita zikipungua, zinakatwa kwake. Zikibaki ni zake, na kando ya barabara kuu wapo watu wenye mitungi wanaozinunua taslimu. Mshahara ukiwa mdogo, dizeli iliyobaki ndiyo karo ya shule. Jibu la pili ni kwamba analipwa kwa safari, wala si kwa siku wala kwa saa. Trela likilala Mai Mahiu kungoja ukungu uondoke, hasara ni ya dereva peke yake. Sheria yetu ya trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa siku, lakini malipo yake yanamwambia kinyume, na kati ya sheria na malipo, mtu mwenye madeni husikiliza malipo.

Cha kuhuzunisha ni kwamba hesabu yenyewe ya nyutro ni mbovu. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo huizungusha, na pampu huacha kupeleka dizeli. Injini hiyo hiyo ikiwa nyutro inanguruma yenyewe, na inaunguza dizeli ili isizime. Kwa hiyo mteremkoni, gia hutumia dizeli kidogo kuliko nyutro. Faida pekee ya nyutro ni kasi inayobaki chini ya mlima, inayolisukuma lori umbali fulani kwenye tambarare bila kukanyaga mafuta. Dereva anauza breki yake kubwa kuliko zote ili apate msukumo wa kilomita moja au mbili. Na si breki ya injini tu anayoipoteza. Injini ikizunguka polepole, kompresa nayo hujaza upepo polepole, wakati ambapo mguu unautumia upepo huo kwa kasi kuliko kawaida. Akijaribu kurudisha gia akiwa kwenye kilomita 80, meno hukataa kuingiana. Sijui kwa nini somo hili fupi halibandikwi ukutani katika kila yadi ya Embakasi.

Nirudi basi kwenye yadi, kwa sababu hapa ndipo ninapoweza kuonyesha kwa kidole. Kati ya kichwa na trela hupita mipira ya upepo, mwekundu na wa njano, pamoja na waya wa taa. Mwekundu hujaza tangi la trela. Ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe na gari husimama. Mwekundu kwa hiyo hujitangaza wenyewe. Wa njano ndio hubeba amri ya mguu wa dereva. Ukiwa umeziba, umepinda au haujashika vizuri, trela halitakataa kuondoka. Litafuata kichwa kwa utiifu hadi Rironi, karibu na Limuru, na hakuna atakayejua kitu kwenye msongamano wa Mombasa Road. Mteremkoni kila mkanyago utashughulikiwa na breki za kichwa peke yake, huku tani zaidi ya 30 zikikisukuma kwa nyuma.

Katika gereji moja ya wazi si mbali na hapa nimemwona fundi akiwa chini ya trela, kichwa kwenye vumbi na miguu barabarani, akihangaika na gurudumu lililokuwa likivuja upepo. Kifaa cha kubadilisha hakikuwepo na kontena lilikuwa limeshapakiwa. Alichofanya ni kuukunja mpira wa gurudumu lile, akaufunga kwa waya na kuukaza kwa koleo. Mlio wa kuvuja ukakoma. Mshale wa upepo ukapanda, na dereva akaondoka akiwa amepoteza gurudumu moja la breki bila kupoteza dakika kumi. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alitatua tatizo aliloletewa, yaani kelele, na tatizo lenyewe likasafiri na mzigo. Trela likifanyiwa hivyo mara tatu kwa mwaka, na wamiliki watatu tofauti, ndipo unapata ekseli nzima isiyofanya kazi.

Wamiliki watatu nimesema kwa makusudi. Kichwa mara nyingi kina mwenyewe, anayekibadilishia oili, anayekiosha, anayekijua. Trela ni yatima. Linakodishwa, linabadilishana vichwa, linakaa yadini miezi likinyeshewa, halafu siku ya haraka linafungwa na kuondoka. Chuma cha kukaza breki kwenye kila gurudumu hulegea, laininga huisha upande mmoja, na hakuna dereva anayelifahamu kiasi cha kuhisi tofauti. Ukaguzi wa mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, upo na una maana, lakini trela hubadilika sana kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Mizani za Athi River na Gilgil hupima uzito wa kila ekseli kwa uangalifu kwa sababu uzito huharibu barabara. Ningependa kuona pia kipimo cha breki cha kila ekseli mahali hapo hapo, kwenye mitambo ya kuviringisha magurudumu, kwa sababu breki mbovu huharibu watu.

Juu ya haya yote huja majira. Sisi hatuna theluji barabarani, lakini tuna baridi ya Juni hadi Agosti, na hakuna dereva wa njia hii anayeidharau. Kuanzia Kamandura hadi Kinungi, wingu hushuka hadi kwenye lami. Taa kubwa hukurudishia weupe mtupu usoni, na mstari wa katikati huonekana hatua chache tu mbele. Timboroa alfajiri, joto hushuka hadi nyuzi chache tu. Nyanda za Kericho na Nandi zinahesabika miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na dakika 20 za mvua hiyo hutosha kuifanya lami iwe nyeupe na telezi. Ongeza tope linaloletwa na matrekta na malori ya chai, na mafuta yaliyodondoka wakati wa kiangazi ambayo mvua ya kwanza huyanyanyua juu ya maji.

Baridi ina udanganyifu wake pia. Dereva anayetetemeka ndani ya kebini huona ni vigumu kuamini kwamba nyuma yake kuna chuma kinachokaribia kuwa chekundu. Hewa yenye unyevu ikishindiliwa na kompresa huacha maji ndani ya matangi ya upepo. Nchi za baridi kali maji hayo huganda na kuziba mipira. Kwetu hayagandi, lakini hutia kutu, huosha grisi kwenye vali na kupunguza nafasi ya upepo. Kuyatoa ni kazi ya kuvuta kamba ndogo chini ya tangi kila asubuhi, na ni ya kwanza kusahaulika asubuhi ya baridi.

Kimo nacho hula nguvu. Pale Timboroa hewa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini ya zamani isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo, na maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Ndiyo maana malori hukwama mlimani yakifuka mvuke, hasa yenye rejeta iliyozibwa tundu kwa sabuni. Utingo huruka chini na kuweka mawe nyuma ya tairi, huvunja matawi na kuyatandaza barabarani kama onyo. Injini ikipoa wanaondoka, na mawe yanabaki. Usiku wa ukungu, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu katikati ya njia ni ajali inayomngoja mwendesha bodaboda. Matrela yanayopanda kwa kilomita 15 kwa saa yakikutana na matatu inayotaka kwenda 100 ndani ya wingu, kinachofuata tumeshakizika mara nyingi. Ni kosa ambalo halihusiani na breki hata kidogo, lakini hesabu yake huingizwa kwenye mfuko huo huo.

Barabara yenyewe ina sehemu yake. Baada ya msiba wa Migaa, kipande cha Salgaa kiliwekewa ukuta wa zege wa kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka mwaka 2018. Ukuta huo ni kazi nzuri, kwa sababu uliondoa nafasi ya kugongana uso kwa uso. Haukuweza kumsaidia dereva ambaye breki zake zimekwisha moto. Huyo bado ana machaguo matatu: kuligonga lililo mbele yake, kujibamiza ukutani, au kuingia sokoni. Londiani ilituonyesha chaguo la tatu lina sura gani. Soko kwenye mwisho wa mteremko ni hatari iliyopangwa na watu wazima wenye mihuri, na wauzaji hawakujiweka pale kwa kupenda hatari. Wapo pale kwa sababu magari husimama pale.

Nchi zenye milima na baridi ya kweli zilishapita hapa. Huko Colorado, Marekani, barabara ya I-70 hupita kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya bahari, na kutoka hapo malori hushuka kwa kilomita nyingi hadi Denver. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 kila lori la biashara kati ya Dotsero na Morrison lazima libebe minyororo ya tairi, theluji iwepo isiwepo. Wapo Wakenya na Wasomali wanaoendesha matrela Marekani, na minyororo hiyo wameifunga kwa mikono iliyokufa ganzi. Lakini la kuiga huko si minyororo. Kando ya mteremko kuna njia za kuokolea, zinazochepuka na kupanda kilimani zikiwa zimejazwa changarawe nene ya duara, ili lori lisilo na breki lizame na kusimama. Kabla ya mteremko kuna mabango yanayoeleza urefu wake na mwendo wa kila uzito. Aprili 25, 2019, dereva kijana aliyeishiwa breki kwenye barabara hiyo hiyo aliipita njia ya kuokolea bila kuingia, na watu wanne wakafa kule Lakewood. Alihukumiwa miaka 110, kisha gavana akaipunguza ikawa 10. Mjadala uliofuata uligusa mafunzo yake na kampuni iliyomtuma pia. Huo ndio mjadala ambao sisi hatujaufikia.

Wapo wanaosema dawa ni kuondoa mizigo barabarani. Wana haki, kwa kiasi. Bomba la mafuta lilipofika Eldoret na Kisumu mwaka 1994, mafuta ya Uganda yaliweza kuvuka Mau ndani ya chuma kilichozikwa, na reli ya kisasa iliyofika Naivasha mwaka 2019 inaweza kuiondolea kontena ngazi ya kwanza. Lakini ngazi ya pili inabaki, na bidhaa za Nakuru, Kericho, Eldoret na Kisumu hazitapanda treni kufika dukani. Trela litakuwepo kwa muda mrefu.

Ndiyo maana kazi iliyozinduliwa Novemba 2025 ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na ile ya chini ya Mai Mahiu, ni nafasi ambayo haitarudi katika kizazi hiki. Barabara pana itaongeza mwendo. Mwendo ukiongezeka mteremkoni bila njia za kuokolea, tutakuwa tumelipa ushuru ili tufike haraka penye msiba. Naiomba KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, iwaonyeshe wananchi, kwenye ramani, ni wapi Kinungi, ukingo wa Mai Mahiu na Sachangwan zitakuwa na njia za changarawe, ni wapi malori yatalazimishwa kusimama kabla ya kushuka ili breki zikaguliwe na gia ichaguliwe, na ni wapi wauza viazi na karoti watapewa soko lenye kituo cha magari mbali na mwisho wa mteremko. Mambo hayo yakiachwa hadi barabara ikamilike, yatagharimu mara kadhaa zaidi, na tutayadai tena baada ya mazishi.

Na kwenu wenye matrela, ambao wengi wenu tunanunua mboga kibanda kimoja hapa Fedha na Tassia: mlipeni dereva kwa siku, ikiwemo siku aliyolala Mai Mahiu kungoja ukungu. Acheni kumpangia lita za kubahatisha roho yake. Trela lililokaa yadini lisiondoke kabla mtu mmoja hajakaa kwenye kebini akikanyaga breki na mwingine hajazunguka magurudumu yote, moja baada ya jingine, kuona kama kila chuma kinasogea. Mkikuta mpira umefungwa kwa waya, shusheni kontena.